Kopo la Jumamosi

2 Juni

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, na Mama hajambo, na cherehani yako nayo haijambo, maana ndiyo mgonjwa wa pili wa nyumba hiyo. Mimi sijambo kabisa. Nimefika jana asubuhi, mgongo umekufa ganzi na shingo imepinda, lakini nimefika.

Usicheke. Nilipoteremka na shanta langu mgongoni, karani wa ofisi ya basi aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia sina. Akauliza basi mwenyeji wangu ni nani. Nikamwambia sina. Sasa nimekuja kufanya nini? Nikamwambia kutembea. Akaniangalia kama mtu aliyesema amekuja kuhesabu kunguru. Mwanamke wa miaka thelathini na mbili, peke yake, anatembea tu. Nilitaka kumweleza kwamba kwa miaka tisa sijavuka soko na duka la dawa, lakini watu nyuma yangu walikuwa wanasukuma.

Joto la huku si mchezo. Ukifua nguo asubuhi, saa sita imekauka, ukiivaa inalowa tena. Kila msumari una kutu na kila kikombe kina ladha ya chumvi. Bahari yenyewe nimeiona, Dada. Nilikaa pale ukingoni na shanta langu mapajani, nikalia kama mjinga, wala sijui nilikuwa nalilia nini.

Nimepata kitanda kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mtu mzima, tunamwita Mwenye Nyumba. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni zaidi ya mwanga na kivuli, lakini hakuna kikombe kitakachovunjika asijue ni cha nani. Chumbani niko na mwalimu wa kike aliye likizo, naye kaja peke yake na begi lake. Jana hiyo hiyo tulishacheka mpaka tukagongewa sakafu kutoka chini. Aliyegonga ni Fundi, mtengeneza baiskeli aliyepanga chumba cha chini, bwana mpole mwenye vidole vyeusi visivyosafika.

Nyumba hii ina sheria moja. Barua zinazoletwa na basi haziguswi. Zinaingia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na zinakaa humo mpaka Jumamosi baada ya chakula. Hapo kila mwenye barua anaifungua mezani na kuisoma kwa sauti, bila kuichungulia kwanza, kwa sababu Mwenye Nyumba hawezi tena kusoma zake na hataki mtu mwingine afaidi peke yake. Anayeruka mstari anaosha vyombo wiki nzima. Kwa hiyo angalia unachoniandikia!

Usisahau kumgeuza Mama kila baada ya saa mbili, na mto katikati ya magoti. Uji uwe mwepesi. Akikataa, mwimbie, atakula ili unyamaze. Mwambie Miguu yake, kama anavyoniita tangu kiharusi kimlaze, imefika baharini salama. Miaka tisa ya kwangu, Dada, siku thelathini za kwako. Tarehe mosi Julai nipo mlangoni.

Mdogo wako,
Miguu


9 Juni

Mdogo wangu mtalii,

Barua yako nimeipata. Mimi sijambo, kama bado yupo anayetaka kujua. Mama hajambo, anakusalimu sana. Nimemsomea barua mara tatu. Ya nne nimekataa, nimemwambia hata redio hurudia taarifa mara mbili tu.

Hongera kwa kuiona bahari. Mimi naona mgongo wa Mama kila baada ya saa mbili, nao ni mpana vilevile. Kidonda cha kiunoni kimefunga, usije ukasema sikukiangalia. Nina sare za shule mia na ishirini za kushona kabla shule hazijafunguliwa. Nakanyaga cherehani, nanyanyuka, nageuza mtu, narudi, nakanyaga. Juzi nilipitiwa na usingizi nikashona mikono miwili upande mmoja. Mkuu wa shule akauliza hii ni ya mtoto gani. Nikamwambia ni ya anayenyoosha mkono sana darasani.

Nguo zangu bado zimo kwenye mabunda tangu nirudi na talaka yangu, kwa hiyo navaa magauni ya Mama. Hayahitaji hata pini. Mabega yale yale, nyonga zile zile, utafikiri walitupima siku moja. Mama akaniangalia akasema nimelivaa vibaya.

Na jambo moja nikuambie. Nikimgeuza, anasema asante, Miguu. Nikimlisha, asante, Miguu. Jana nikamwambia, "Mama, ni mimi, mkubwa wako, uliyenizaa kwanza." Akasema, "Najua. Miguu anarudi lini?"

Haya. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumjua Mama.

Wasalimie hao wacheka usiku wenzako. Zimebaki siku ishirini na moja, nazikata kwa chaki ukutani.

Dada yako


16 Juni

Dada yangu kipenzi,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima. Mama hajambo? Usingizi anapata? Mimi sijambo, nimekuwa mweusi tii na nimeota misuli ya mikono.

Barua yako imekuwa maarufu. Tulipofika kwenye mikono miwili upande mmoja, Fundi aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. Mwenye Nyumba akasema mtu huyu aletwe. Wanakupenda, Dada, hawajakuona wanakupenda. Pale pa "asante, Miguu" nilisita. Mwenye Nyumba akagonga meza kwa kijiko, nikasoma. Baadaye Mwalimu akanishika mkono chini ya meza. Sijawahi kuwa na rafiki wa kunishika mkono chini ya meza. Nilikuwa na wewe na Mama, na wewe uliolewa mbali.

Naogelea! Mwalimu ananishika tumbo, Fundi anakaa ukingoni na mpira wa ndani wa gurudumu, tayari kunirushia nikizama. Jana Mwalimu aliniachia bila kuniambia. Nilikwenda hatua kumi hivi kabla ya kugundua hakuna mkono chini yangu. Nikagundua, nikazama, nikanywa maji, nikatoka nikicheka.

Sasa sikia ombi langu na usikasirike. Niongezee wiki mbili. Mwalimu anaondoka katikati ya Julai na tulitaka twende kwa miguu mpaka mnara wa taa, siku tatu kwenda na kurudi, kila mtu na shanta lake. Najua nimeahidi. Lakini nilipokuwa nyumbani hata kuoga nilioga mlango wazi, sikio likiwa chumbani kwa Mama. Huku naoga mlango umefungwa. Wiki mbili tu. Nisipopata jibu lako nitajua umekubali kwa shingo upande, nami nitakushukuru kwa shingo iliyonyooka.

Mdogo wako,
Miguu


30 Juni, Jumanne

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Mama ni mgonjwa. Pumzi inamkwama tangu Jumapili. Daktari amekuja mara mbili, anasema ni mapafu, na kwamba tusipange mambo ya mbele. Nilikwenda kukupigia telegramu, mtambo wa posta ni mbovu, kwa hiyo hii nampa dereva. Ikikufikia kesho, panda basi hilo hilo linaporudi. Mama ana akili zake timamu na anakuuliza.

Dada yako


4 Julai, Jumamosi

Dada,

Nimeisoma sasa hivi. Ilikaa koponi tangu Jumatano na mimi napita chini yake kwenda kunywa chai. Nilidhani ni ya kunigombeza kwa zile wiki mbili, nikasema moyoni, acha ingoje, sina haraka ya kugombezwa. Nimeifungua nikitabasamu, Dada, mbele ya watu wote.

Nimekimbia ofisini na shanta mgongoni. Basi limejaa mpaka ngazini. Nimemwomba karani nisimame, nikae chini, nipande juu na mizigo. Amekataa, na lingine ni Jumatatu. Dereva amekubali kubeba barua hii. Atafika kwako kesho asubuhi na kugeuza saa sita, tafadhali mpe jibu, hata neno moja. Jumatatu nitamngoja hapa ofisini na kulifungua hapa hapa, kisha nipande.

Mwambie naja. Mwambie asiende popote. Mwimbie.

Miguu


5 Julai

Mdogo wangu,

Usije.

Mama ameamka. Alhamisi ndiyo ilikuwa mbaya, nisikufiche, lakini imepita. Leo asubuhi amekunywa kikombe kizima cha uji na kulalamika kuwa sukari nimeionea huruma. Daktari mwenyewe kashangaa. Nilipomwambia unakuja mbio na machozi, alicheka. Anasema mtu aliyeanza kuogelea asitolewe majini kabla hajajua.

Kwa hiyo teremsha shanta. Nenda kwenye mnara wako wa taa. Nilikuwa na wivu kidogo, ndiyo maana sikukujibu kuhusu wiki mbili. Chukua hata sita. Mimi na Mama sasa tumezoeana, hatuna shida.

Mama anakusalimu sana.

Dada yako


13 Julai

Dada yangu wa pekee,

Salamu, salamu, na tena salamu. Hujambo? Mgonjwa wetu hajambo? Mimi leo ndiyo naweza kusema sijambo.

Barua yako niliifungulia ofisini, karani ndiye aliyenipasulia bahasha. Niliposoma lile la sukari nilikaa chini sakafuni. Watu walidhani nimefiwa. Nikawaambia hapana, sijafiwa, na nikacheka na kulia pamoja. Asante. Asante kwa kumwangalia, na asante kwa kuniambia nibaki. Nilikuwa nakuogopa, Dada, sasa nakwambia. Tangu urudi na talaka yako ulikuwa unaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyekuandikia. Kumbe mtu hana budi kwenda mbali ndipo amjue ndugu yake.

Kwenye mnara tumefika. Miguu yangu ina malengelenge manane, nimeyahesabu. Tukiwa njiani nikamsimulia Mwalimu jinsi Mama asivyoona nje ila kupitia dirisha la chumbani. Tuliporudi akamsimulia Fundi. Fundi alishinda siku mbili akipekua vyuma vyake chakavu. Siku ya tatu akaniuliza kama Mama anaweza kukaa akiegemezwa. Anataka kumtengenezea kiti cha magurudumu, kwa vyuma vya baiskeli, na matairi ya mbele ya baiskeli ya mtoto.

Na hilo si lote. Mwenye Nyumba anasema macho yake yanakaribia kufunga duka na anahitaji mtu wa kuendesha nyumba. Amenitaka mimi. Kuna chumba kingine cha chini kinachotazama bahari, mlango hauna ngazi. Mama atakaa humo. Na wewe pia, Dada. Mapazia ya vyumba sita, mashuka, vitambaa vya meza, yote yanangoja fundi cherehani. Fikiria sisi watatu hapa.

Fundi anataka vipimo vya Mama. Wewe ndiye mjuzi. Nitumie upesi.

Mdogo wako mwenye furaha,
Miguu


19 Julai

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na amewasalimu Fundi, Mwalimu na Mwenye Nyumba, kila mmoja peke yake. Kwa Fundi amesema Mungu ambariki vidole.

Habari ya kiti imemfurahisha mno. Kila jioni ananiuliza kimefika wapi. Kile chumba cha bahari nacho amekikubali, ila anauliza mbu wakoje. Mimi nitakuja na cherehani yangu, nimeshaanza kufunga.

Vipimo hivi hapa, vya uhakika, vimepimwa amelala amenyooka. Kichwa mpaka kisigino, sentimita mia na hamsini na nane. Bega kwa bega, arobaini na mbili. Kina cha kifua, ishirini na tatu.

Mwambie Fundi asifanye haraka. Atumie vyuma vizuri.

Dada yako


1 Agosti

Dada yangu,

Hujambo? Mama hajambo? Mimi hata kulala silali kwa raha.

Kiti kimekwisha! Fundi alicheka vipimo vyako. Alisema anatengeneza kiti, si kitanda, urefu mpaka kisigino wa nini? Alichotaka ni nyonga, na goti mpaka kisigino. Nikamwambia nyonga zake ni kama zako, na wewe nakujua, tukakadiria. Mwalimu aliahirisha safari yake ili akikalie kwa majaribio. Kina breki mbili. Mikono ameizungushia ngozi ya tandiko, imeshonwa vizuri isimkwaruze. Mwenye Nyumba amekipapasa chote kwa vidole, gurudumu mpaka gurudumu, halafu akasema mama yako atakuwa malkia wa mtaa. Ameshampakia chokaa chumba chake.

Jumatatu tarehe 10 napanda basi, kiti juu pamoja na mizigo. Jumanne asubuhi nipo. Naomba kitu kimoja. Mweke Mama mlangoni kwenye kigoda chenye mgongo, umfunge na kanga asianguke, umvalishe lile gauni la bluu. Nataka nikitokea kona ya mtaa aone kwanza kiti, halafu mimi. Miezi miwili sijamshika, Dada. Mikono inaniwasha.

Mdogo wako,
Miguu


6 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu kwako, na salamu kwa Mwenye Nyumba, kwa Mwalimu na kwa Fundi, maana najua mnaposoma hii kwenu ni Jumamosi, mmekula na mmekaa. Mimi sijambo. Leo msisahau sheria yenu. Mtu asiruke mstari.

Mama hatakuwa mlangoni Jumanne. Mama alikufa Alhamisi tarehe 2 Julai, saa tisa alasiri. Ijumaa tulimzika. Usiache kusoma. Mwalimu, mshike mkono asiache kusoma.

Barua yangu ya kumwita mdogo wangu ilifika kwenu Jumatano asubuhi. Angepanda basi la Jumatano, Alhamisi asubuhi angekuwa kando ya kitanda, na Mama alikuwa bado anasema. Alikuwa anaangalia mlango. Kila aliyeingia alimuuliza, "Miguu?" Akaingia daktari, "Miguu?" Akaingia jirani na maji ya moto, "Miguu?" Ilipofika saa nane akaacha kuuliza. Muda huo barua ilikuwa juu ya kabati lenu, ndani ya kopo la biskuti, inangoja mmalize kula.

Jumapili, mdogo wangu, nikapata karatasi yako, umeandika: Mwambie asiende popote. Nilikuwa na udongo wa kaburi bado kwenye kucha. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikakujibu kwamba amekunywa uji. Uji niliunywa mimi. Sukari niliilalamikia mimi. Salamu zote mlizopata tangu hapo ni zangu, na Mungu ambariki vidole ni yangu.

Vipimo vile alivichukua seremala wa jeneza. Nilikuwa nimevinakili nyuma ya daftari la sare. Ndiyo maana vina urefu, Fundi. Samahani kwa usumbufu.

Mtajiuliza kwa nini. Nilitaka mdogo wangu afurahi. Nilitaka afurahi wiki hii kuliko iliyopita, na ijayo kuliko hii, apande juu mpaka mwisho wa ngazi, ndipo niiondoe. Miaka tisa alikuwa mtoto mwema wa mtaa mzima na mimi mkimbia mama. Sasa mtaani nimewaambia nilimwita akakataa kuja, anaogelea. Barua zake ninazo, anayetaka kusoma anasoma.

Kiti ni kizuri, sina shaka. Mpeni kitakayemwenea.

Dada yako


11 Agosti, ofisi ya basi ya mji wetu

Dada,

Sikuulizi hali.

Barua yako ilisomwa mpaka mwisho. Haukurukwa mstari. Nilipofika kwa seremala Mwalimu akapokea karatasi, akasoma yeye. Fundi alitoka nje akakaa kando ya kile kiti alichokitengeneza, mgongo kaupa mlango. Mwenye Nyumba aliomba ashushiwe kopo. Alilishika mapajani mpaka giza likaingia, analifunika na kulifunua, na mimi nilipomwambia si kosa lake akasema ninyamaze.

Nimekuja kama nilivyosema, na basi la Jumatatu. Dereva anageuza saa sita. Kati ya hapo nimekwenda kwa Mama. Makaburini nimeuliza mwenyewe, mchimbaji akanionyesha kwa kidole. Nimeng'oa magugu. Nimemweleza habari ya mnara wa taa. Njiani nimekutana na jirani wa mlango wa pili, yule aliyenifundisha kumfunga Mama bendeji, amenigeuzia mgongo. Nyumbani sikupita. Cherehani nimeisikia nikiwa barabarani, ulikuwa unashona.

Kosa langu nalijua na nitakufa nalo. Niliiacha barua ya mama yangu kwenye kopo kwa sababu niliogopa kugombezwa. Siku tatu. Hakuna atakayenitua mzigo huo, wala simwombi mtu.

Lakini wewe kopo ulilijua. Nilikuambia katika barua ya kwanza kabisa. Nimekuja na bahasha yako ya Jumanne ile, ninayo hapa mezani kwa karani. Jina langu umeliandika kwa mwandiko wako wa sikukuu. Umelipigia mstari kwa rula. Mama anakata pumzi chumbani, na wewe umepata muda wa rula. Ila neno moja, fungua, hukupata nafasi ya kuliandika. Wewe, unayepima mara mbili ndipo ukate.

Kiti nimekuachia kwa karani. Wewe mwenyewe ulisema mabega yale yale, nyonga zile zile. Kitakutosha. Utazeeka, Dada, na damu ya Mama ndiyo yako, na kiharusi hakibishi hodi. Siku hiyo utajua kuwa Fundi ameweka magurudumu mazuri sana, lakini hayajisukumi.

Narudi kwenye kile chumba cha bahari tulichomwandalia Mama, nitalala humo mimi. Ukiniandikia, barua itaingia koponi na haitatoka. Tumekubaliana mezani. Zako hazifunguliwi, hata Jumamosi.

Miguu wa Mama


30 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi sijambo. Hakuna mwingine hapa wa kukusalimu, kwa hiyo chukua za kwangu tu.

Kiti kimefika. Nilikikataa, karani akakileta na mkokoteni akakiacha mlangoni, watu wote wakaona. Nikakiingiza ukumbini nikakifunika shuka. Wiki nzima nilikizunguka kama mgeni asiyeaga. Jana mgongo ulinikamata nikiwa nakata sare, nikakaa kidogo tu. Kimenienea, mdogo wangu. Hakihitaji hata pini. Nikajisukuma kwa visigino kutoka kwenye cherehani mpaka dirishani, na kurudi.

Uliniuliza habari ya bahasha. Ni kweli. Nilikuwa nimeandika jina lako na kulipigia mstari, na pale chini pakabaki nafasi. Kopo nililikumbuka. Nilishika kalamu. Ndipo Mama akaita kutoka chumbani, "Miguu, maji." Nilikuwa nimekesha naye siku tatu. Nikafunga kalamu, nikampelekea maji.

Sikujua atakufa Alhamisi. Nilihesabu siku mbili tatu, nikasema nizipate hizo tu, mimi na yeye, asiwepo wa kumwita isipokuwa mimi. Labda angezoea. Labda mara moja angeniita kwa jina langu. Nilikaa pale kitandani mpaka saa tisa, nikingoja.

Hakuniita.

Nimemwambia jirani ukweli. Amenigeuzia mgongo mimi sasa, kwa hiyo wewe unaweza kurudi. Njoo uchukue nyumba, njoo unitukane, njoo usimame mlangoni tu. Kiti kinapiga kelele gurudumu la kushoto na mimi sijui kutia mafuta.

Juu ya bahasha hii nimeandika FUNGUA LEO, kwa herufi kubwa, mbele na nyuma.

Dada yako